Kamera Iliona Kila Kitu, na Ng'ombe Akaenda

Kamera ya kwanza niliyomwekea cucu ushago ilifanya kazi vizuri kabisa. Saa 8:41 usiku iliwaona wanaume wawili wakiingia zizini. Ikawarekodi. Ikanitumia ujumbe kwa simu, na picha juu yake. Mimi nilikuwa Roysambu, nimelala, simu nimeizima sauti. Nilipoamka saa moja asubuhi nikapata jumbe kumi na moja. Wa mwisho ulionyesha lango la zizi likiwa wazi na ndani hakuna kitu.

Nawaandikia hii kwa sababu haiishi wiki kabla mtu hajaniuliza, "Bro, kamera gani poa ya kuwekea wazazi ushago?" Huwa najibu haraka haraka, nataja aina mbili tatu, naendelea na maisha yangu. Leo wacha nijibu pole pole. Nilikosea, na kosa langu lilimgharimu cucu ng'ombe wa Friesian aliyekuwa akitoa lita 18 kwa siku. Na ng'ombe hakuwa hasara peke yake.

Cucu anaishi peke yake upande wa Kandara, Murang'a. Shamba letu linateremka hadi mtoni kama mashamba mengi ya huko: nyumba iko juu karibu na barabara ya marram, zizi chini kidogo, halafu napia, halafu miti michache ya avokado, halafu mto. Guka alifariki nikiwa darasa la sita. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, kwa hivyo cucu huniita "mzee wangu" mbele za watu. Watu hucheka. Yeye hachekangi.

Mwaka jana jirani aliibiwa pampu ya maji. Wiki mbili baadaye jirani mwingine akavuniwa avokado zote usiku mmoja. Kundi letu la familia kwa WhatsApp likawaka moto. Baba, maankol, Auntie aliye Texas, kila mtu na maoni yake. Pesa zikachangwa, shilingi 31,000, kisha ikaamuliwa kwamba mnunuzi ni mimi. Nilisoma kompyuta kampasi mwaka mmoja na nusu kabla niache, na kwa familia yetu hiyo inatosha kukufanya fundi wa kitu chochote chenye waya.

Nikaenda Luthuli Avenue. Muuzaji akanionyesha kamera ikiwa imeunganishwa na skrini kubwa: rangi safi, unasoma hadi nambari ya gari iliyoegeshwa ng'ambo ya barabara. Ilikuwa saa sita mchana. Sikuuliza inaonaje saa nane usiku. Nikanunua moja ya nje, ya sola, inayotumia laini ya 4G kwa sababu huko kwetu hakuna waifai. Nikanunua na nyingine ndogo ya ndani pamoja na kamodemu kake, kwa sababu Auntie alitaka kuona kama mum amekula. Fundi akapanda ngazi akaifunga ile ya nje kwa kona ya nyumba, juu kabisa chini ya paa, "ndio ione boma lote." Ya ndani tukaiweka juu ya kabati, ikitazama makochi.

Ya ndani ilidumu siku tatu. Siku ya nne Auntie akaandika kwa kundi kwamba picha imekuwa nyeupe tupu, labda kamera imeharibika. Nikampigia cucu. Akasema haijaharibika, ameifunika na kitambaa, kile cha kushona kwa mkono ambacho tunatandika kwa makochi. "Inanitazama nikiomba," akasema. Kwa kundi tulicheka sana, watu wakatuma vikatuni. Hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Halafu ukaja usiku ule.

Asubuhi nilipanda matatu ya kwanza niliyopata, na njiani niliangalia zile video labda mara thelathini. Wanaume wawili, kofia zimevutwa chini, mmoja na jaketi yenye mistari mikononi. Wanafungua lango bila haraka. Mmoja anainama, anamfunga ng'ombe kamba, wanatoka naye kupitia upande wa mto. Dakika sita. Ndama waliacha kwa kibanda cha pembeni, sijui kama hawakumwona au hawakumtaka.

Kwa polisi tulipiga ripoti, tukapewa nambari ya OB, na afisa akaniomba nimwonyeshe video. Akaitazama, akarudisha nyuma, akaitazama tena. Akaniuliza, "Sasa kijana, hapa uso uko wapi?"

Uso haukuwepo, na hesabu yake ningeifanya kabla sijatoa hata shilingi. Kamera ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana. Lensi pana, tuseme ya nyuzi 90, ikitazama kitu kilicho mita 15 mbele, inaona upana wa mita 30. Gawa 1,920 kwa 30, unapata pikseli 64 kwa kila mita. Uso wa mtu una upana wa sentimita 15 hivi. Maana yake uso mzima wa mwizi wangu ulichorwa na pikseli kama kumi. Chora uso wa mamako kwa vijisanduku kumi halafu uniambie ni nani. Ongeza kwamba usiku kamera hizi hutumia mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni, picha inakuwa nyeusi na nyeupe, na rangi ya jaketi ndio hiyo imepotea. Kamera inayoona boma lote haimwoni mtu yeyote.

Sasa nije kwa ile sehemu naona aibu kuandika.

Jioni hiyo hiyo, nikiwa bado kwa cucu, niliunganisha zile klipu, nikaweka muziki wa huzuni, nikaandika juu "WAMEIBIA CUCU YANGU", nikaposti. Nilijiambia ni kwa ajili ya kutafuta ng'ombe. Kweli, kidogo. Lakini pia nilijua ni kontenti kali. Sehemu ya mwisho ya video ilikuwa cucu mwenyewe, saa 9:20 usiku, wezi wameshaenda, anatoka nje na tochi na nguo ya kulala na leso mabegani, anazunguka zizi akimwita ng'ombe. Kamera haikuwa na sauti nzuri lakini unaona mdomo ukienda. Hiyo sehemu niliiacha kwa makusudi. Niliiacha kwa sababu ilikuwa inauma.

Watu zaidi ya laki moja waliitazama. Nilipata wafuasi wapya kuliko miezi minne iliyotangulia.

Kulitokea mambo mawili. La kwanza, mtu fulani kwa maoni akasema anaijua ile jaketi. Akataja kijana wa bodaboda wa steji ya karibu na kwetu. Wengine wakaongezea. Kufikia kesho yake mchana yule kijana alikuwa amekimbilia kwa shangazi yake Thika, kwa sababu watu wa soko walikuwa wameanza kuongea kuhusu petroli. Baadaye ilijulikana kwamba usiku huo alikuwa hospitali na bibi yake aliyejifungua. Jaketi kama hiyo, nimekuja kuona, inauzwa mitumba kila mahali. Mtu karibu achomwe kwa pikseli kumi nilizoposti mimi na muziki juu yake.

La pili ni cucu. Jumapili alienda kanisani na kila mama wa kikundi chake alikuwa ameiona. Aliporudi hakusema kitu. Akanipikia chai, akaniwekea na nduma. Nikimaliza kula ndio akasema, "Mzee wangu, umewaonyesha watu mimi na nguo ya kulala." Halafu akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua tu: "Hao wote walioona ng'ombe wangu, ni nani amemrudisha?"

Niliifuta usiku huo. Lakini wengine walikuwa wameshaichukua na kuiposti kwao, na bado iko huko nje. Kuna ukurasa mmoja umeiwekea vicheko. Nimewaandikia mara tatu.

Kwa wale wanaopenda sheria: Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na nyumbani kwake ndipo kinapoanzia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaondoa matumizi yaliyo ya kibinafsi au ya nyumbani tu, kwa hivyo kamera yako ya kulinda kuku haikufanyi uwe mhalifu. Lakini klipu ikitoka kwa simu yako ikaenda kwa watu laki moja ikutafutie wafuasi, sioni vile utaita hiyo matumizi ya nyumbani. Mimi nilichukua hatua hiyo kwa kidole kimoja, na cucu hakuulizwa.

Kijana wa boda nilienda kumwomba msamaha. Alinisikiza akiwa amesimama mlangoni. Hakunikaribisha ndani, na sikutarajia.

Baada ya hayo yote ndipo nilifanya kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza. Nilimwuliza cucu anataka nini.

Alinitembeza boma zima. Akanionyesha mahali mbwa alikuwa amelala, na vile alibweka mara mbili akanyamaza, huenda alitupiwa nyama. Akanionyesha dirisha alilosimama. Kumbe alikuwa ameamka. Alisikia lango. Alisimama gizani, mkono kwa komeo la mlango, akaogopa kufungua. Nikamwuliza kwa nini hakupiga nduru. Mahali kama kwetu nduru ndio alamu ya tangu jadi: mtu akipiga, hata awe adui yako, unatoka na panga na tochi.

Akasema, "Nduru yangu imezeeka. Nikipiga inafika hapo kwa mti. Wao wangesikia, majirani hawangesikia."

Jirani wa karibu yuko kama mita mia moja. Cucu ana miaka 76. Sisi tulichanga elfu thelathini na moja tukanunua macho, na mwenye boma alikuwa ameishiwa na sauti.

Halafu akaniambia kile anachotaka: "Mimi sitaki kumwona mwizi. Nataka mwizi ajue tumemsikia. Na nataka kitu cha kubonyeza nikiwa kitandani."

Basi mfumo wa pili tuliujenga kuanzia hapo. Wacha niwaeleze kila kitu, na sababu yake.

Kitu cha kwanza ni sanduku la alamu linalotumia laini ya simu. Haya ni ya teknolojia ya zamani kidogo, na hiyo ndio raha yake: likishtuka linapiga king'ora, halafu linapigia simu nambari ulizoweka, moja baada ya nyingine, na kutuma SMS. Halihitaji bando. Linahitaji kredo kidogo na mtandao wa kawaida wa kupiga simu, ambao huko kwetu upo hata mahali intaneti inakufa. Lina betri yake ndani. Hiyo ni lazima. Mita na swichi kubwa kwa nyumba nyingi za ushago ziko ukutani nje, na mwizi anayejua kazi yake huzima kwanza. Acha hata mwizi, stima zenyewe hupotea bila msaada wa mtu.

King'ora tulikifunga juu chini ya paa, mahali huwezi kufika bila ngazi, na waya umepita ndani ya ukuta. Kimeandikwa desibeli 110, ambayo hupimwa mita moja kutoka kwa mashine. Sauti ikitembea kwa uwazi hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, kwa hivyo kwa mita 100 inabaki kama 70. Miti na milima hupunguza zaidi, lakini kwa usiku wa kijiji, 70 inaamsha mtu. Nduru ya cucu imerudi ujana.

Kwa lango la zizi tuliweka sumaku, vile vipande viwili ambavyo vikiachana tu alamu inalia. Watu wengi huweka sensa ya joto, ile inayohisi mwili ukipita. Kwa zizi hiyo ni shida tupu: ng'ombe ni joto kuliko mtu na anageuka geuka usiku kucha. Sumaku haijali ng'ombe. Lakini inajali lango. Wiki ya kwanza ililia mara tatu bure, saa tano, saa tisa, saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu lango letu la mbao limelegea na upepo unalisukuma vidole viwili. Mara ya tatu jirani alikuja na tochi akaniangalia vile watu huangalia mtoto wa mtu. Fundi wa mbao akabadilisha bawaba kwa mia tano, na ikanyamaza. Alamu ikidanganya sana watu huacha kuamka, na hapo ni heri usingekuwa nayo.

Sensa ya joto tuliiweka moja tu, kwa njia inayotoka mtoni, na taa ya sola. Ukipita taa inawaka. Hailii, inawaka tu. Kumbuka sensa hizi huona vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeikujia moja kwa moja, kwa hivyo usiifunge ikitazama njia, ifunge pembeni ya njia.

Kamera nayo tuliishusha kutoka paani. Sasa iko kwa nguzo, mita tatu tu kutoka mahali ambapo lazima upite ukiingia zizini. Rudia ile hesabu yangu: kwa mita tatu, uso unapata pikseli kama hamsini. Afisa akiniuliza uso uko wapi, nitamwonyesha, na nitamwonyesha yeye peke yake. Paneli ya sola tuliitoa kwa kamera tukaivuta kwa waya hadi mahali penye jua, na tukachukua kubwa zaidi ya ile iliyokuja nayo. Julai Murang'a ni ukungu na baridi, unaweza kukaa siku nyingi bila jua la maana, na kamera ya sola hufa kimya kimya. Haikwambii kwaheri.

Kuhusu bando, usidanganywe kwamba utakuwa ukitazama moja kwa moja siku nzima. Video ya kiasi tu, megabiti moja kwa sekunde, ni karibu gigabaiti 11 kwa siku. Piga hesabu ya mwezi halafu ukae chini. Weka memori kadi ndani ya kamera, irekodi huko, na wewe ufungue tu wakati kuna jambo. Kadi ya GB 128 kwa kiwango hicho inabeba kama siku 11 hata ikirekodi bila kupumzika, halafu inaanza kujifuta. Na kabla ya kununua chochote cha 4G, simama pale pale utakapoifunga, na simu yenye laini hiyo hiyo, ujaribu mtandao. Kwetu nyumbani kuna mistari mitatu, kwa zizi mmoja. Ni hatua ishirini tu, lakini ni za kuteremka.

Nywila. Ile ya kwanza fundi aliiacha vile ilitoka kiwandani. Mwaka 2016 programu moja mbaya iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikiingia kwa kamera na vifaa vingine vya nyumbani kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, na ikavitumia kuangusha sehemu kubwa za intaneti. Kama mgeni anaweza kuingia kwa kamera yako, umemjengea mwizi dirisha. Badilisha siku hiyo hiyo, na usimpe fundi ile mpya.

Tena panya, paka na buibui. Wadudu huvuta buibui, buibui hujenga mbele ya lensi, na kila upepo unapopuliza kamera inakutumia ujumbe kwamba kuna mtu. Cucu hupangusa na kitambaa kila Jumamosi. Ndio, kile kile kilichofunika ya ndani. Ya ndani tuliitoa. Auntie alinuna kidogo. Nikamwambia akitaka kujua kama mum amekula, ampigie simu amuulize. Sasa hupiga kila jioni, na nadhani ilikuwa inafaa iwe hivyo tangu mwanzo.

Jirani wa upande wa juu pia alikuja kuniambia kwamba ile kamera ya kwanza ilikuwa ikitazama hadi bafu lao la nje. Alikuwa amekaa na hilo jambo miezi mitatu bila kusema. Nilimwita aione ile mpya kwa simu yangu, aone yanapoishia macho yake.

Lakini kitu kilichochukua muda mrefu zaidi kuchagua ni nambari za simu. Lile sanduku letu linabeba nambari sita. Kila mtu kwa familia alitaka kuwa wa kwanza, hata Auntie wa Texas. Nikawauliza swali moja: ikilia saa nane usiku, wewe utachukua dakika ngapi kufika? Kundi likanyamaza.

Nambari ya kwanza ni jirani wa mita mia moja. Ya pili ni mtoto wake mkubwa. Ya tatu ni mama mwenye duka kwa barabara, ambaye halali mapema. Ya nne ni mwenyekiti wa Nyumba Kumi. Ya tano ni baba. Mimi, niliyenunua kila kitu, niko wa sita. Tuliwaita wale wanne kwa cucu Jumamosi moja, tukachinja kuku wawili, tukakubaliana: ukisikia, washa taa zote, piga kelele, piga wengine simu, piga 999 au 112, toka mkiwa wengi. Hakuna kufukuzana gizani. Na mtu akishikwa, anapelekwa kwa polisi akitembea kwa miguu yake. Hilo la mwisho nilisisitiza mimi, na waliokuwepo walijua kwa nini.

Gharama yote ya mara ya pili haikufika elfu ishirini, kuku wakiwemo.

Kile kitu cha kubonyeza kilikuja na sanduku, karimoti kadogo ka kuning'iniza kwa funguo, vitufe vinne. Cucu hakuweza kusoma michoro yake, kwa hivyo binamu yangu akapaka kile cha dharura rangi ya kucha nyekundu. Cucu alikatunga kwa uzi, anakavaa shingoni pamoja na funguo za stoo. Akienda kulala anawasha alamu, akiamka anazima. Wiki mbili za kwanza alisahau mara moja tu. Kijiji kizima kiliamka saa kumi na moja.

Mwezi wa tano, usiku wa mvua, simu yangu ililia. Siku hizi haizimwi sauti. SMS: dharura. Nikapiga, hashiki. Nikampigia jirani, hashiki. Nilikaa kwa kitanda nikitetemeka, nimefungua kamera, naona matone ya mvua tu na lango la zizi limefungwa. Ndama, sasa mkubwa, amelala. Hakuna mtu. Dakika tisa. Ndizo dakika ndefu zaidi nimewahi kukaa, na hakuna kitu ningefanya nikiwa Roysambu.

Halafu jirani akapiga. Hakukuwa na mwizi. Cucu alikuwa ametoka kwenda choo, akateleza kwa matope, mguu ukageuka, akashindwa kusimama. Alikuwa chini kwa mvua, upande ambao kamera haitazami. Akabonyeza. King'ora kikalia, watu wanne wakatoka na marungu na tochi wakitafuta wezi, wakampata mama wa watu amekaa kwa matope akiwaambia wasipige kelele, wataamsha ndama.

Kifundo kilivunjika. Kilipona. Daktari alisema angekaa hapo hadi asubuhi, kwa baridi ile, angekuwa anatuambia habari nyingine.

Kwa hivyo, wewe unayeniuliza kamera gani poa. Kwanza nenda nyumbani. Lala huko usiku mmoja. Mwulize anayeishi hapo anaogopa nini, halafu umwache amalize kuongea. Hesabu hatua hadi kwa jirani. Ukijua nani atakuja, nunua kitu cha kumwita. Pesa ikibaki, nunua kamera, na uigeuze itazame nje.

Ng'ombe hakupatikana. Ndama atazaa mwakani, Mungu akipenda. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, wakitoka kanisani, cucu hubonyeza kile kitufe chekundu kujaribu kama betri iko na kama laini haijafungwa. Majirani wote wanajua ni jaribio. Bado huja, kwa sababu wa kwanza kufika hupewa chai ya maziwa. Mara ya mwisho nilikuwepo, nikahesabu watu kumi na wawili, na nambari zilizo kwa sanduku ni sita.